UUZAJI WA VYOMBO VYA NYUMBA KWA JUMLA: FAIDA NI YA NANI?

Yapo mambo ambayo watu wazima huyafanya mbele ya macho yetu kisha hutuambia tunyamaze, ati hayatuhusu. Mojawapo ni hili la kuuza vyombo vya nyumba nzima kwa mkupuo mmoja, wakati familia inapohama kutoka nyumba kubwa kwenda ndogo. Mimi naona linatuhusu sana. Vitanda vinavyouzwa tunavilalia sisi. Meza inayopandishwa lorini ndiyo tuliyoandikia hesabu tangu darasa la kwanza. Kwa hivyo leo, kwa ruhusa ya mhariri na walimu wetu wapendwa, nitanena lililo moyoni, na anayetaka kunipinga kurasa za mwakani ziko wazi.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu katika shule hii tumelelewa katika nyumba za mwajiri. Kuna watoto wa polisi, wa walimu, wa magereza, wa reli, wa mashamba ya chai na ya miwa. Nyumba ya namna hiyo huja na kazi na huondoka na kazi. Mzee akistaafu huletewa barua, na barua huwa na tarehe. Mwaka 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60, wengi wakashangilia, lakini miaka mitano hiyo haikufuta tarehe, iliisogeza tu. Na wapo ambao tarehe iliwafikia mapema kuliko walivyodhani. Mwaka 1993 serikali ilianzisha mpango wa kustaafu mapema kwa hiari kwa wafanyakazi wa ngazi za chini. Mwezi wa Novemba 2006 reli ilipokabidhiwa kampuni ya kibinafsi, wafanyakazi wengi walipunguzwa. Kila mara mambo yalikuwa yale yale: familia nyingi, mtaa mmoja, mwezi mmoja, na kila mmoja ana kabati la vyombo analotaka kuuza. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa somo la biashara anajua bei hufanya nini wauzaji wanapokuwa wengi hivyo.

Basi hapo ndipo anapotokea mnunuzi wa jumla. Huyu bwana hana haja ya kutangaza. Habari za wastaafu huzipata kwa mlinzi wa lango, kwa kinyozi, kwa muuza duka. Hufika na vijana wake wawili, akazunguka chumba baada ya chumba, mikono nyuma kama daktari wa wodi. Hagusi kitu. Hapa anauliza friji ina miaka mingapi, pale anaguna mbele ya kabati. Kila kitu kina kasoro. Friji inanguruma, makochi yamebonyea, meza ni ya kizamani. (Ajabu ni kwamba wiki ijayo, dukani kwake, meza hiyo hiyo itakuwa "mbao ngumu ya zamani, siku hizi haipatikani".) Kisha anataja bei moja tu, ya vyote, na kuongeza kwamba lori liko karibu na pesa anaweza kuzituma kwa simu papo hapo. Ukianza kumwambia, "Lakini hiki peke yake..." anakukatiza: "Mzee, ni vyote au hakuna."

Sasa naomba wenzangu wanisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mnunuzi wa jumla hanunui vyote. Ananunua vitu vitatu au vinne vizuri, na vilivyobaki anapewa bure. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kizuri kinajiuza, kisha kinakibeba kibaya mgongoni, na mwenye nyumba anadhani amelipwa vyote viwili.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nyumbani kuna friji ambayo ingeuzwa peke yake kwa shilingi 15,000, jiko la gesi lenye oveni kwa 12,000, makochi kwa 18,000 na televisheni kwa 8,000. Jumla ni 53,000. Mnunuzi anakuja na 40,000 za nyumba nzima. Mzee anaona noti, anafurahi, maana hajawahi kuuza kochi maishani mwake. Lakini zile 40,000 hazijafika hata bei ya vitu vinne! Vitanda, magodoro, kabati, stuli, sufuria, ndoo, tangi la maji, mapazia, pasi, vyote hivyo vimeondoka kama nyongeza ya sukuma wiki sokoni. Tuseme basi mzee huyo huyo angetoa vile vinne mapema, akaviuza kimoja kimoja bila hata kukaza sana, akapata 44,000. Halafu amwite bwana yule kwa masalio. Bila shaka atanuna, ataondoka, atarudi, atatoa labda 9,000. Hiyo ni 53,000. Tofauti ya 13,000 si haba kwa mtu ambaye mshahara wake wa mwisho umekwisha kuliwa na ambaye kiinua mgongo chake bado kinazunguka ofisini. Bei hizi ni za mfano tu, lakini kila mmoja wenu anaweza kwenda likizo akaweka za kwao.

Mtu atauliza: je, wazee wetu hawajui hesabu? La hasha! Wanajua sana. Wengine ndio waliotufundisha. Sababu wanayoitaja ni muda, kwamba tarehe imefika na nani atakaa kusubiri wanunuzi ishirini. Sababu wasiyoitaja ni aibu.

Hili la aibu nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu naamini ndilo linalotugharimu zaidi. Katika mitaa yetu, ukitoa kiti chako nje ukakibandika bei, kufikia jioni mtaa mzima umeshapata hadithi. Fulani amefutwa kazi. Fulani ana deni la chama. Fulani na mkewe wameachana, kila mtu anachukua chake. Nadhani ni kwa sababu vyombo tulivyozoea kuviona vikitolewa nje mchana ni vile vya mtu aliyevamiwa na dalali wa mnada kwa kodi ya nyumba. Macho yetu yamezoea kuunganisha kochi lililo uani na balaa. Basi mzee aliyefanya kazi miaka thelathini kwa heshima zake anaona ni heri lori lije saa mbili usiku, taa ya barazani izimwe, watoto waambiwe wasipige kelele. Mnunuzi naye anaijua saa hiyo. Bei ya usiku haiwi sawa na bei ya mchana, kwani usiku huwezi kumwita jirani aje atoe bei ya kushindana. Kumbe jirani huyo huyo angekuwa mnunuzi mzuri kuliko wote! Amekuwa akiliona jiko lile miaka kumi, anajua halivuji gesi, na huenda amekuwa akilitamani kimoyomoyo kila anapokuja kuomba chumvi.

Tazameni wageni wanaofanya kazi Nairobi katika mashirika na balozi. Mkataba ukiisha, mgeni anaandika orodha ya vitu vyake vyote na bei ya kila kimoja, anaitangaza wiki kadhaa kabla ya kusafiri, watu wanakuja mchana peupe, wanajaribu viti, wanabishana bei, wanabeba. Hakuna anayemsengenya. Ni kweli kwamba mgeni anaondoka na harudi, hana wa kumwonea haya, hali mzee wetu atakutana na majirani hawa kanisani, msikitini, matangani na harusini hadi afe. Nalielewa hilo. Hata hivyo kustaafu si kufilisika, na sijui ni nani aliyetufundisha kuficha kustaafu kama tunavyoficha ugonjwa.

Upo ubaya mwingine wa "vyote au hakuna" ambao hauna bei. Katika mtaa tunaoishi kuna mama mmoja ambaye alikuwa akishona sare za shule. Mumewe alipostaafu alimwita mnunuzi siku ambayo mama alikuwa amesafiri kumwona mgonjwa. Aliporudi alikuta nyumba nyeupe. Aliangalia kila chumba, kisha akauliza kwa upole, "Baba watoto, na cherehani yangu je?" Mzee akajibu, "Jamaa wa lori alisema ni vyote au hakuna." Mama hakupiga kelele. Alienda akakaa kwenye kizingiti, mkoba wake ungali begani. Sisi watoto tuliokuwa uani tuliacha mpira. Kumbukeni kwamba kule mashambani walikokuwa wakienda, cherehani ile ndiyo ingewalisha wakati pensheni inangojewa.

Nilipolisimulia jambo hili katika mjadala wa chama chetu, wenzangu wa kiume wawili watatu walisema nyumba ina kichwa kimoja na kichwa kikikata shauri limekatwa. Basi niwape sheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inavihesabu vyombo na samani za nyumba ya wanandoa kuwa mali ya ndoa, na katika ndoa ya mke mmoja inataka ridhaa ya wote wawili kabla mali hiyo haijauzwa. Kuna na nyingine ya zamani zaidi. Sura ya 21 ya sheria za Kenya, ile ya kesi za madai, katika kifungu cha 44 inasema ni mali gani ya mdaiwa isiyoweza kukamatwa kulipia deni aliloamriwa na mahakama. Miongoni mwake ni mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na ya mke na watoto wake, pamoja na zana za kazi anazohitaji ili apate riziki. Hebu litafakarini hilo. Mtu mwenye deni, aliyeshindwa kesi, sheria inamwachia sufuria na kitanda. Mzee asiyedaiwa na mtu, anayehama kwa amani, anavipandisha lorini mwenyewe kwa hiari yake!

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kuuza kwa jumla ni haramu. Mjane anayeishi peke yake, mgonjwa, mtu aliyepata uhamisho wa ghafla, hao hawana nguvu ya kupokea wateja mlangoni kila siku, na kumfungulia kila mgeni nyumba ili akague vyumba kuna hatari yake. Kusafirisha nako ni gharama. Kuna kabati ambalo ukilipakia lori hadi magharibi mwa nchi, nauli yake inapita thamani yake. Zaidi ya hayo, mara nyingine mnunuzi mmoja ni baraka. Mwaka 1931 Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na milima ya Ngong, alipoteza shamba na kulazimika kurudi kwao. Baadhi ya fanicha zake zilinunuliwa na Lady McMillan na kuwekwa katika Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Kama zingetawanyika mnadani, nani leo angejua kiti kipi kilikuwa chake? Lakini mnunuzi wa namna hiyo alijua anachonunua, na muuzaji alijua anachouza. Linganisheni na pwani, ambako madalali wa vitu vya kale wamekuwa wakibisha hodi katika nyumba kongwe wakitafuta masanduku, viti na milango ya nakshi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 imeitaja waziwazi milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vya kulindwa. Mlango mmoja tu umelazimu bunge liutungie maneno, na kuna mtu atautupa ndani ya bei ya jumla pamoja na ndoo na mabeseni.

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba jumla iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Tarehe ya kustaafu haimshtukizi mtu kama mvua ya mawe, hujulikana miaka mapema. Miezi mitatu kabla yake inatosha. Mali bila daftari huisha bila habari, na sisi watoto tunaokaa likizo tukitazama televisheni tunaweza kuwa makarani wa kazi hiyo. Tupite chumba kwa chumba na daftari. Twende na futi ya fundi kwenye ile nyumba mpya tupime milango na kuta, maana nimeona watu wakiuza kitanda ambacho kingetoshea na kubeba kabati ambalo hadi leo limelala nje chini ya mti, kuku wakitagia ndani. Kila mtu wa nyumba aulizwe ni kitu gani chake, kuanzia bibi mzaa baba hadi kitinda mimba, na mama aulizwe kabla ya wote. Vya kugawia ndugu vigawiwe mapema, mbele ya watu, ili yasije yakazuka maneno baadaye kwamba fulani aliahidiwa redio. Halafu vile vinne vizuri vitolewe, vipanguswe vumbi, vitafutiwe risiti zake. Siku hizi mtu anaogopa kununua televisheni kuukuu isije ikawa ya wizi, na karatasi ile moja humtoa wasiwasi. Vitangazwe kwa majirani mchana, bei ikiwa imeandikwa.

Yatakayobaki ndiyo ya lori. Na yale ambayo hata bwana wa lori atayakataa, kina mama wa mali kwa mali watapita na mabeseni yao mapya na kuchukua nguo na viatu vilivyochakaa. Jamani, msisahau kufungua droo! Vyeti vya kuzaliwa, picha za arusi, hati za shamba, barua za marehemu babu, vitu hivi hupenda kukaa chini ya karatasi ya droo ya kabati, na kabati likishafika sokoni halina anwani.

Kabla sijaweka kalamu chini, niwageukie wanabweni wenzangu, maana nyani haoni kundule. Kila mwezi wa Novemba tunayafanya haya haya hapa shuleni. Watahiniwa wa kidato cha nne wakibakisha karatasi moja au mbili za mtihani, wanaanza kuhangaika na masanduku, magodoro, ndoo, karai, vitabu na kufuli. Nyote mnamjua yule ndugu yetu, tajiri wa bweni (sitamtaja, naye anasoma gazeti hili), anayengoja hadi usiku wa mwisho, basi likiwa limekwisha kuagizwa, ndipo apite kitanda hadi kitanda akitoa bei moja ya kila kitu. Godoro zuri linamlipa, mengine yote ni zawadi. Mwezi wa Januari wadogo zetu wanayanunua kwake, ndoo peke yake, sanduku peke yake, kufuli peke yake. Yeye hauzi kwa jumla hata siku moja.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi wa chama na kwa naibu wa mwalimu mkuu ni hili. Tupewe ukumbi Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya usafi, kuanzia saa nne hadi saa sita. Anayemaliza alete anachotaka kuuza, akibandike jina na bei, na anayebaki aje na akiba yake ya kibandani. Wanachama wa Chama cha Kiswahili watakaa mlangoni kuandika kilichouzwa, kwa nani na kwa ngapi. Daftari nimekwisha nunua.